Spoti ya Kwanza: Mjadala wa Ndundu

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa unapita Mkuranga, Kimanzichana, Bungu na Kibiti, kisha nchi inaanza kuteremka, upepo wa bonde unakupokea, na mbele linatokeza Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima ya zege juu ya Mto Rufiji. Hapo ndipo Ndundu. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 watu walivuka kwa pantoni, na mto ukijaa, safari ya kusini iliishia hapo. Hata baada ya daraja, kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga ziliendelea kuwa tope na mashimo kwa miaka, mpaka lami ilipokamilika. Wazee wa huku wanaikumbuka barabara hiyo kwa usiku waliolala njiani. Vijana wanaijua kwa jambo jingine: imenyooka, ni laini, na inaita.

Kijana wa upande wa Kibiti ameuza ufuta, msimu umemlipa. Ana Boxer anayofanyia bodaboda, na sasa anataka pikipiki ya spoti, ya kwanza maishani mwake. Ameiona Yamaha R6 iliyotumika, iko Dar. Vijana wa namna hiyo wapo wengi Kibiti na Rufiji, kwa hiyo nimemsimamisha mmoja kwa niaba yao na kumketisha kando ya barabara, hatua chache kutoka darajani, pamoja na watu ambao angelazimika kuwasikia: mama yake, mjomba aliyeendesha malori, fundi, muuguzi wa zahanati, na mgeni kutoka Dar anayepita kuelekea Kilwa na pikipiki yake kubwa. Majina sikuweka. Pale hoja ilipohitaji ushahidi wa mbali nimeingia mwenyewe.

KIJANA: Nianze mimi, maana fedha ni zangu na lawama mmeshazigawa kabla sijanunua. Boxer nimeiendesha miaka mitatu. Nimebeba abiria, mkaa, samaki wa Nyamisati, nimebeba mjamzito usiku mvua ikinyesha. Kutoka Kibiti hadi hapa darajani kila kiraka cha lami nakijua. Sasa nataka chombo kisicho cha kazi. Kila siku napanda pikipiki kwa sababu mtu mwingine ana safari. Siku moja nataka kupanda kwa sababu mimi nina hamu. Hilo nalo ni kosa?

MAMA: Si kosa, mwanangu. Ila fedha hiyo inatosha bajaji, na bajaji jioni inaleta mboga. Hiyo spoti ina kiti cha nani? Nikiumwa utanipakia wapi?

KIJANA: Mama, Boxer siiuzi. Wewe utapanda Boxer kama kawaida.

MAMA: Na usiku usinipitie kijijini ukinguruma. Mwaka 2017 huku pikipiki zilipigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Watu waliuawa, tukawa tukisikia pikipiki usiku tunazima taa. Mpaka leo mlio huo ukija kwa kasi gizani mimi moyo unaruka. Nimemaliza, semeni ninyi.

MJOMBA: Umesema vizuri, dada. Lakini huyu ni mtu mzima, tumshauri anunue nini, tusibishane kama anunue. Mpwa wangu, hiyo R6 ina nguvu kiasi gani?

KIJANA: Cc 599, mjomba. Nguvu za farasi kama 118.

FUNDI: Na Boxer yako ya 150 ina 12. Yaani unataka kutoka 12 kwenda karibu mara kumi, kwa chombo kisichozidi Boxer uzito hata mara mbili. Gia ya kwanza peke yake ya R6 inapita kilomita 100 kwa saa. Boxer hata ukiilalia juu ya tanki, gia ya mwisho, haifiki huko.

KIJANA: Mkono ni wangu, fundi. Nisipovuta haiendi.

MGENI: Hapo kijana ana hoja, na mimi nitamtetea kwa sababu mimi mwenyewe nilianza na 600. Niko hai, mnaniona. Tena watu mnazungumza kana kwamba Boxer ni salama. Boxer nyingi za huku mbele zina breki ya ngoma, tairi nyembamba, halafu zinapakia watu watatu na gunia. R6 mbele ina diski mbili, ina tairi pana na shokapu za kweli. Ukinipa ng'ombe ameruka barabarani nikiwa kwenye kasi ya 60, nachagua niwe juu ya R6.

MUUGUZI: Ukiwa kwenye 60, kaka. Tatizo ni kwamba hakuna anayenunua R6 aende 60.

MGENI: Mimi naenda 60 nikipita kijijini.

MUUGUZI: Sasa. Mwaka wako wa kwanza je?

(Mgeni hakujibu hapo hapo, na ningependa msomaji asilipite swali hilo. Aliyenusurika ndiye anayekaa kwenye benchi na kutoa ushauri. Wale ambao hawakunusurika hawana sauti katika mijadala ya namna hii. Mwaka 2007 taasisi ya kampuni za bima za Marekani inayochunguza usalama wa barabara ilitoa ripoti kwamba waendeshaji wa pikipiki za spoti za jamii ya R6 walikuwa wakifa kwa kiwango kinachokaribia mara nne ya wale wa pikipiki nyingine, kwa kulinganisha idadi ya pikipiki zilizosajiliwa. Breki zao zilikuwa bora. Bado walikufa zaidi.)

KIJANA: Sawa, lakini hao ni Wamarekani waliotoka kwenye gari wakapanda pikipiki. Mimi nimetoka kwenye pikipiki. Uzoefu wa bodaboda mnauhesabu sifuri?

MJOMBA: Hakuna anayeuhesabu sifuri. Wewe unajua barabara, unajua mvua, unajua abiria anapoyumba. Mimi niliendesha lori la tani saba, siku nilipopewa lenye tela nikajiona nimeshafika. Tela halikunijua.

FUNDI: Na mikono yako imefundishwa na Boxer. Bodaboda wengi nawaona hapa gereji: breki za nyuma zimeisha kabisa, za mbele mpya. Kwa nini? Kwa sababu mmezoea kukanyaga breki ya mguu. Mchangani ni sawa, breki ya mbele mchangani inakuangusha. Kwenye spoti nguvu ya kusimama iko mbele. Ukishtuka utakanyaga nyuma kwa nguvu, tairi la nyuma litajifunga, litateleza kando, na hapo umeshakwenda.

KIJANA: Nitajifunza breki ya mbele.

FUNDI: Utajifunza. Ninauliza utajifunzia juu ya nini.

(Fundi pengine hajui kwamba alichokiona kwenye breki za bodaboda kiliandikwa zamani sana. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza moja moja huko Los Angeles, wakifika eneo la ajali na kupima hata alama za tairi. Walikuta kwamba waendeshaji wengi, mbele ya hatari, walifunga tairi la nyuma na kuiacha breki ya mbele bila kutumika ipasavyo. Walikuta pia jambo linalomhusu kijana wetu moja kwa moja: wastani wa uzoefu wa barabarani ulikuwa karibu miaka mitatu, lakini zaidi ya nusu yao walikuwa na chini ya miezi mitano juu ya pikipiki ile ile waliyopata nayo ajali. Miaka mitatu, kama yeye. Uzoefu walikuwa nao, ila wa chombo kingine.)

MUUGUZI: Mimi niwaambie ninachokiona. Anayeanguka kwa 40 analetwa na wenzake akilalamika, ana michubuko ya viganja na goti, labda mfupa wa mkono. Tunamsafisha, tunamfunga, anarudi nyumbani. Anayeanguka kwa 100 hata halalamiki. Muundi umevunjika na mfupa umetoka nje, au kichwa. Hapa hatuna chumba cha upasuaji wa ubongo. Tunamtuliza, tunatafuta gari, na kutoka hapa hadi Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili ni zaidi ya kilomita 100, na ukishafika Mbagala kuna foleni. Hayo ni masaa. Mimi sisemi usipande, mdogo wangu, mimi mwenyewe naendesha pikipiki kwenda kwenye chanjo vijijini. Nasema kosa la kwanza utalifanya, kila mtu hulifanya. Chagua chombo ambacho kosa la kwanza litakukuta ukiwa taratibu.

KIJANA: Dada, unaongea kama nimeshaanguka.

MUUGUZI: Umeshaanguka na Boxer?

KIJANA: Mara kadhaa. Mchangani.

MUUGUZI: Na uko hapa unabishana nami. Ndicho ninachosema.

MJOMBA: Mimi nina langu, na nadhani ndilo kubwa, kwa sababu nimelitazama nikiwa juu, ndani ya kebini. Barabara hii yote imezoea mwendo wa Boxer. Nikiwa na lori nataka kukata kulia niingie kijijini, naona taa moja ya pikipiki mita 150 mbele. Kichwa kinaniambia, hiyo ni bodaboda, inakuja na 60, nina sekunde 9. Nakata. Sasa kama taa ile ni ya spoti inayokuja na 140, sikuwa na sekunde 9, nilikuwa na chini ya 4. Tela bado liko barabarani. Nani ana kosa? Trafiki watatupimia baadaye. Wewe hutakuwepo kusikiliza vipimo.

KIJANA: Dereva aangalie vizuri.

MJOMBA: Ameangalia! Amekuona! Taa moja gizani haina kasi, ina mwanga tu. Na si dereva peke yake. Mama aliyebeba kuni kichwani anavuka kwa hesabu ya Boxer. Mtoto wa shule naye. Ng'ombe hana hesabu kabisa. Tangu wafugaji walipohamishwa Ihefu mwaka 2006 na mifugo mingi ikaletwa huku, ng'ombe wanavuka barabara hii asubuhi na jioni. Kundi likianza kuvuka halisimami, mchungaji yuko nyuma na fimbo, hata akikuona hawezi kulikata katikati.

(Hoja hii ya mjomba ndiyo iliyonifanya niuandike mjadala huu, na ndiyo ninayoishikilia. Miongozo mingi ya kuchagua pikipiki ya kwanza inampima mpandaji: urefu wa miguu yake, uzito, fedha, ujuzi. Ni vema. Lakini pikipiki huenda katikati ya watu, na watu hao wana makadirio yao waliyoyajenga kwa miaka. Kati ya Kibiti na Somanga makadirio hayo yalijengwa na Boxer, TVS na SanLG. Anayeanza anapokuja na chombo chenye kasi mara mbili ya makadirio yao, amewawekea wote mtihani ambao hawakuambiwa upo. Mpandaji mkongwe anajua kupunguza kasi kila aonapo lori linapunguza mwendo bila sababu inayoonekana. Anayeanza bado anafikiria klachi.)

MGENI: Sawa, mjomba, hilo nakubali, na ninaliogopa kila ninapopita hapa. Ila msije mkamrudisha kijana kwenye cc 100 mkadhani mmemwokoa. Barabara hii ina malori marefu yanayokwenda na kutoka Mtwara. Tuseme lori lina mita 18, linakwenda 70. Wewe una kipikipiki kinachofika 90. Mpaka ulipite na kurudi upande wako salama, uko upande wa wenzako kama sekunde 9, umekula zaidi ya mita 200. Ukiwa na chombo kinachofika 110 bila kulalamika, ni chini ya sekunde 5, mita kama 140. Nguvu nayo inaokoa.

MJOMBA: Hapo umesema kweli. Na wengi hufia hapo, wakiwa sambamba na tairi la kati.

FUNDI: Basi tunatafuta kitu cha kati. Kisiwe 12, kisiwe 118. Mimi niseme nisiyoyaogopa: Bajaj wanaotengeneza Boxer ndio hao hao wa Pulsar. TVS wa HLX ndio hao hao wa Apache. Ukichukua Pulsar ya 200, ile RS yenye plastiki za mbavuni, una nguvu za farasi kama 24, mara mbili ya ulizonazo, na injini yake haina miujiza, piga picha kipuri kimeisha nitakitafuta Kariakoo. Kuna Yamaha R15, cc 155, nguvu kama 18 au 19. Umbo lake ni la R6 ndogo kabisa.

KIJANA: R15 watanicheka, fundi. Itakuwa spoti ya maonyesho.

FUNDI: Nani atakucheka? Hapa Ndundu nani anaweza kukwambia tofauti yake na R6 ikiwa imesimama?

MGENI: Juu kidogo ya hizo ziko Kawasaki Ninja 300, nguvu kama 39, Yamaha R3 kama 42, Ninja 400 kama 45, na zote hazifiki kilo 175. Hizo zinapita lori, zinakwenda Dar bila kukuchosha, na mkono ukikosea zinakusamehe. R6 haisamehi, kwa sababu nguvu yake imejificha juu. Chini ya mizunguko 8,000 unaona ni pikipiki ya kawaida, unavuta zaidi, ghafla inaamka. Kwa anayeanza, kuamka huko kunamkuta katikati ya kona.

(Wazungu wameliandika hili kwenye sheria. Tangu Januari 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zina ngazi tatu za leseni ya pikipiki kubwa kuliko kipikipiki cha cc 50: A1 hadi cc 125 na kilowati 11, A2 hadi kilowati 35, kisha A isiyo na mpaka, na kijana anayepanda kutoka A2 anasubiri miaka miwili. Kilowati 35 ni nguvu za farasi kama 47. Ndiyo maana R3 na Ninja 400 zimekaa chini kidogo ya hapo. Japani nako leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400, ukitaka zaidi unafanya mtihani mwingine. Kwetu Tanzania daraja A1 ni la pikipiki zisizofika cc 125, na ukivuka hapo ni daraja A. Maana yake aliyepata leseni ya Boxer 150 anaruhusiwa na sheria, siku hiyo hiyo, kupanda Yamaha R1 yenye cc 998 na nguvu zinazokaribia 200. Ngazi ya katikati haipo. Naamini inapaswa kuwepo, na wenye dhamana ya leseni wanao mfano wa kutazama. Kwa sasa mpandaji wa Kibiti lazima ajiwekee ngazi hiyo mwenyewe.)

KIJANA: Lakini mnanitia hasara. Leo ninunue 300, mwakani nimeizoea, niiuze kwa bei ya kutupa, ninunue 600. Si bora ninunue mara moja?

MGENI: Unamjua Rossi?

KIJANA: Namba 46! Nani asiyemjua.

MGENI: Ubingwa wake wa dunia wa kwanza, mwaka 1997, aliupata kwenye 125. Mwaka 1999 akawa bingwa wa 250. Wa 500 aliuchukua mwaka 2001. Yule mtu alizaliwa kwenye familia ya mbio, baba yake alikuwa mshindani, na bado walimpitisha ngazi kwa ngazi. Wewe baba yako alikuwa mvuvi, Mungu amrehemu, unataka kuruka ngazi mbili.

MAMA: Baba yake aliendesha mtumbwi kwenye mikoko ya Salale, na mtumbwi nao alianza na mdogo.

KIJANA: Mama, ulisema umemaliza.

MAMA: Nimemaliza.

FUNDI: Turudi kwenye hasara. Hasara ya kweli ni R6 ikiharibika Kibiti. Kwanza nyumbani kwenu hakuna lami. Kutoka barabara kuu mpaka uani ni mchanga, masika ni utelezi. R6 tumbo lake liko chini, usukani wake mfupi unakulazimisha uegemee viganja. Mchangani unataka mikono iwe huru na usukani mpana uchezeshe. Utaiangusha ukiwa unakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na plastiki moja ya ubavuni ikipasuka utaiagiza nje. Vali zake zinarekebishwa kwa vipande vya kupimwa, mimi kifaa hicho sina, sitakudanganya. Nikikosea hapo, injini imekwisha. Mafuta nayo: Boxer lita moja inakupeleka kilomita 50 na zaidi, hiyo ukipata 18 shukuru.

KIJANA: Hizo Ninja nazo zina plastiki.

FUNDI: Zina. Ndiyo maana moyo wangu uko kwa Pulsar. Lakini ukitaka Ninja, angalau usukani wake umepandishwa kidogo, mgongo haukunjiki kama upinde, na unaweza kuipitisha mchangani kwa gia ya kwanza bila kulia.

(Hapa fundi na mgeni walivutana kwa muda mrefu, nami nimeupunguza mvutano huo kwa kuwa kila mmoja alikuwa akirudia yake: fundi akishikilia vipuri, mgeni akishikilia kupita malori. Kwa anayekaa Kibiti na kufanya kazi Kibiti, mimi niko na fundi. Pikipiki iliyolala uani miezi miwili ikisubiri kipuri haimfundishi mtu kitu, na ujuzi wa mikono hupotea upesi. Kwa anayekwenda Dar kila wiki, hoja ya mgeni ina uzito zaidi.)

MUUGUZI: Bei mmejadili, injini mmejadili. Helmeti?

KIJANA: Ninayo.

MUUGUZI: Ile ya abiria? Ile ya plastiki nyembamba isiyofunika kidevu?

KIJANA: Dada, joto la huku unalijua. Ukivaa ile nzima unachemka. Jaketi nalo watu watadhani naumwa homa.

MUUGUZI: Joto nalijua, nimezaliwa bondeni. Lakini joto linaisha ukifika. Kuna jaketi za wavu, upepo unapita, na mabegani na kwenye viwiko zimewekwa vikinga. Glavu ndizo za kwanza, maana mtu yeyote akianguka anatanguliza viganja. Nguo ya kawaida kwenye lami haimalizi sekunde moja. Nimewahi kumtoa mtu mchanga kwenye kiganja kwa koleo ndogo, punje moja moja, yeye akiwa amenishika bega. Usinifanye nirudie kwako.

(Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 kwa mpandaji anayepata ajali. Hakuna kifaa cha injini kinachoweza kujivunia takwimu kama hizo. Kwa hiyo anayepanga bajeti ya pikipiki aiweke helmeti kamili, glavu, jaketi na viatu vinavyofunika kifundo ndani ya bei ya pikipiki yenyewe. Fedha ikipungua, apunguze cc.)

MGENI: Mimi namwongezea la ununuzi, maana hata hizo za kati nyingi zinakuja zimeshatumika. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, jiulize kwa nini. Zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, tazama vizuizi vyake kwenye chesisi: vikiwa vimebonyea, ile imeshaanguka vibaya. Angalia ncha za usukani na upande wa eksozi kama zimesagika. Shika breki ya mbele, bonyeza shokapu za mbele, kisha pitisha kidole kwenye mipini yake. Kikitoka na mafuta, sili zimekufa. Linganisha namba ya chesisi na kadi, na usilipe mpaka mmiliki akubali mbadilishe jina TRA.

FUNDI: Na tairi. Ubavuni kuna namba nne kwenye kiduara. Ikiandikwa 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spoti iliyokaa stoo huko ilikotoka inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na tairi limekuwa gumu. Masika linateleza kama umepaka sabuni.

MJOMBA: Akishainunua, afanyie wapi mazoezi?

MGENI: Asubuhi, siku isiyo na mnada, sehemu iliyonyooka na kavu. Kwanza 30, breki ya mbele unaibana polepole kisha unaizidisha, huinyakui. Ukishaizoea, 40, kisha 50. Kama ina ABS, ibane mpaka uisikie inatetema vidoleni, ujue inavyosema, ili siku ya ng'ombe usishtuke ukaiachia. Halafu kona: ukitaka kwenda kushoto, sukuma mpini wa kushoto mbele kidogo, pikipiki italala kushoto yenyewe. Boxer umekuwa ukifanya hivyo bila kujua. Kwenye kasi lazima ujue. Na macho yatazame unakotaka kutokea. Ukilitazama shimo, utaliingia.

KIJANA: Kwa hiyo mnaniambia niiache R6.

MJOMBA: Nakwambia uiweke mbali miaka miwili. Pita nayo masika mbili hiyo ndogo.

KIJANA: Miaka miwili ni mingi, mjomba. Mmoja.

MJOMBA: Tutazungumza mwaka ukiisha.

KIJANA: Basi nisikilizeni. R15 siitaki, hilo limeisha. Kati ya Pulsar na Ninja 300 nitakwenda kuziona zote mbili, na fundi atakuja nami, nauli juu yangu. Kinachobaki nitanunua helmeti na glavu. Jaketi nitalifikiria.

MUUGUZI: Jaketi usilifikirie, linunue.

KIJANA: Dada, ufuta haukuwa mwingi kiasi hicho.

FUNDI: Basi Pulsar. Tofauti yake na Ninja inatosha jaketi, viatu, na tairi jipya la mbele. Jumatano sina kazi, twende na basi la kwanza.